Sergei Rachmaninoff: Mtunzi Aliyeacha Mikono Yake Katika Santuri

Katika jamii ya Babukusu, kuanzia Bungoma hadi vitongoji vya Kitale, mzee mwenye hadhi anapofariki huitwa oswala kumuse, yaani mlumbi wa matanga, ili awahutubie waombolezaji. Maneno yake hayasomwi kutoka kwenye karatasi. Yamo kichwani mwake, katika hatua zake anapotembea uwanjani, na katika kupanda na kushuka kwa sauti yake. Vivyo hivyo kwa mpiga litungu: nyuzi saba za ala hiyo zaweza kurithiwa na mwanawe, na wimbo waweza kubaki vinywani mwa wanakijiji, lakini namna yake mwenyewe ya kuzigusa nyuzi huzikwa pamoja naye. Mwanafunzi wa fasihi simulizi analifahamu tatizo hili. Matini ni kitu kimoja na utendaji ni kitu kingine.

Aghalabu hudhaniwa kuwa tatizo hilo ni la jamii ambazo hazikuuandika muziki wao. Maisha ya Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi, yanaonyesha vingine. Yeye aliandika kila nota aliyoitunga, na hata hivyo ilimlazimu kuingia studio ili kizazi kilichofuata kipate kujua nota hizo zilimaanisha nini mikononi mwake.

Rachmaninoff alizaliwa mwaka 1873 katika mkoa wa Novgorod, kwenye familia ya makabaila waliokuwa wakififia. Baba yake, Vasily, alipenda muziki lakini pia alipenda anasa, na mashamba ya familia yalipotea moja baada ya jingine. Shamba la mwisho lilipouzwa, familia ilihamia St Petersburg. Huko dada yake Sofia alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo, na wazazi wake wakatengana. Kijana huyo aliingizwa katika chuo cha muziki cha mji huo, lakini alizembea na kuanguka mitihani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu uliomfunza Rachmaninoff ulikuwa nyumba ya mwalimu Nikolai Zverev mjini Moscow, alikopelekwa mwaka 1885 kwa ushauri wa binamu yake, Alexander Siloti. Wanafunzi wa Zverev walilala nyumbani kwake, waliamka alfajiri, na kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kufanya mazoezi kabla ya kifungua kinywa. Katika nyumba hiyo uvivu uliisha.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1891 alikamilisha konseto yake ya kwanza ya piano na okestra. Mwaka uliofuata alihitimu akiwa na medali kubwa ya dhahabu kwa ajili ya opera fupi aliyoiita Aleko. Mwaka huohuo wa 1892, akiwa na umri wa miaka 19, alitunga kipande kifupi cha piano, preludi moja yenye kishindo cha nota tatu nzito mwanzoni, mfano wa kengele kubwa ya kanisa. Preludi hiyo ilienea duniani kote. Ajabu ni kwamba haikumtajirisha. Aliiuza kwa mchapishaji kwa ruble chache, na kwa kuwa Urusi haikuwa imetia sahihi mkataba wa kimataifa wa haki za watunzi, wachapishaji wa nchi za nje waliichapisha bila ya kumlipa chochote. Maisha yake yote alidaiwa na wasikilizaji aipige, na maisha yake yote aliipiga.

Mwaka 1897 yalimfika makuu. Simfoni yake ya kwanza ilipigwa St Petersburg chini ya uongozi wa Alexander Glazunov, baada ya mazoezi haba, na ikaporomoka mbele ya hadhira. Wahakiki waliishambulia bila huruma. Rachmaninoff hakuiruhusu ipigwe tena uhai wake wote, na kwa muda wa karibu miaka mitatu hakuweza kutunga kitu cha maana. Alikuwa na miaka 24, mgonjwa wa moyo uliovunjika kuliko mwili. Hatimaye jamaa zake walimpeleka kwa daktari Nikolai Dahl, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1900 alimtibu kwa mazungumzo na kwa kumtia katika usingizi wa nusu-macho. Yeyote atakayeuliza kama tiba hiyo ilifaa na aisikilize konseto ya pili ya piano, iliyopigwa nzima kwa mara ya kwanza mjini Moscow mwaka 1901, mtunzi mwenyewe akiwa kwenye piano na Siloti akiongoza okestra. Kazi hiyo ilitabarukiwa kwa Dahl. Si jambo la kawaida kwa tabibu kulipwa kwa konseto.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya baraka. Mwaka 1902 alimwoa binamu yake Natalia Satina, wakajaliwa mabinti wawili. Majira ya joto waliishi Ivanovka, shamba la familia ya mkewe katika mkoa wa Tambov, na hapo ndipo zilipotungwa kazi zake nyingi. Konseto ya tatu aliikamilisha huko mwaka 1909 kwa ajili ya ziara yake ya kwanza ya Marekani. Kwa kuwa muda ulimpungukia, alijifunza sehemu yake melini akitumia ubao wa vibonye usiotoa sauti, na mwezi wa Novemba akaipiga New York. Majuma machache baadaye aliipiga tena katika mji huohuo, safari hii okestra ikiongozwa na Gustav Mahler.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yaliyakata maisha hayo vipande viwili. Mnamo Desemba, Rachmaninoff, mkewe na mabinti zao waliivuka mipaka kupitia Finland hadi Sweden, wakiwa na mizigo michache. Ivanovka ilikuwa imepotea. Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini kwake yeye marejeo hayakuwapo: hakuiona Urusi tena. Akiwa na miaka 44, bila ya shamba wala akiba ya maana, ilimbidi achague njia ya kuilisha familia. Kutunga hakukulipa haraka. Alichokuwa nacho ni mikono miwili, mikubwa kupita kiasi, iliyotandaa juu ya vibonye kama mabawa ya kozi. Alijifunga kibwebwe, akajifunza kazi nyingi za watunzi wengine, na mwishoni mwa mwaka 1918 akahamia Marekani kuishi kwa kupiga piano.

Hapo ndipo santuri inapoingia katika maisha yake. Mwaka 1919 alirekodi vipande kadhaa kwa kampuni ya Edison, ikiwemo preludi ile mashuhuri. Mambo hayakwenda alivyotaka: kampuni ilitoa sokoni hata miigizo ambayo yeye hakuiridhia. Mwaka 1920 alihamia kampuni ya Victor, na huko alidumu hadi mwaka 1942, akiwa mkali wa kuharibu kila jaribio lisilomridhisha. Ikumbukwe kwamba upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba dakika nne au zaidi kidogo. Konseto ilibidi ikatwe vipande vipande, mpigaji asimame, sahani ibadilishwe, kisha aendelee kama kwamba pumzi haikukatika. Tena hapakuwa na namna ya kufuta kosa. Aliyekosea alianza upya upande mzima.

Katika hali hiyo alizirekodi konseto zake zote nne. Ya pili aliirekodi na okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski, na toleo la mwaka 1929 ndilo linalosikilizwa zaidi hadi leo. Rapsodia aliyoitunga juu ya lahani ya Paganini ilipigwa kwa mara ya kwanza Baltimore mnamo Novemba 1934, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa tayari kwenye santuri. Konseto ya kwanza na ya tatu alizirekodi mwaka 1939 na 1940, na ya nne mwishoni mwa mwaka 1941, safari hizi na Eugene Ormandy. Konseto ya tatu aliipunguza kwa kuziacha baadhi ya sehemu, jambo linalowasikitisha wengi wa wafuasi wake. Aidha, kati ya preludi zake 24 alirekodi chache tu, pamoja na baadhi ya vipande vifupi vingine na polka aliyoitengeneza kwa kumkumbuka baba yake. Chuki yake kwa redio ilizidi kuifanya santuri kuwa shahidi pekee, kwa sababu hakupenda maonyesho yake yatangazwe hewani.

Shahidi huyo anasema nini? Anasema kuwa mtunzi anayesifiwa kwa huzuni na machozi alipiga muziki wake kwa wepesi, kwa mwendo wa kasi, na bila ya kuomba huruma. Wapigaji wengi wa baadaye wameurefusha muziki huo na kuulainisha, wakiamini kuwa ndivyo ulivyoandikwa. Karatasi haiwezi kuwakanusha. Santuri yaweza.

Bei ya maisha hayo ilikuwa kubwa. Katika miaka 25 ya uhamishoni alikamilisha kazi kubwa sita tu, ikiwemo konseto ya nne ya mwaka 1926 na dansi za kisimfoni za mwaka 1940. Maonyesho yaliila nafasi ya utunzi. Hata hivyo hakuisahau nchi iliyompoteza. Urusi ilipovamiwa mwaka 1941, alitoa mapato ya onyesho lake kusaidia matibabu ya askari wake, ingawa serikali ya huko iliwahi kuupiga marufuku muziki wake. Mnamo Februari 1943, akiwa mgonjwa wa saratani, alipiga onyesho la mwisho mjini Knoxville. Tarehe 28 Machi alifariki Beverly Hills, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Alizikwa katika jimbo la New York.

Mwaka 1926, Rachmaninoff alipokuwa akimaliza konseto ya nne, reli ilifika Kitale, na katika mji huo huo Hugh Stoneham alianzisha makumbusho ya wadudu, wanyama na vitabu alivyovikusanya. Mkusanyo huo ulihifadhiwa, na tangu mwaka 1974 umekuwa kiini cha makumbusho ya taifa mjini humo. Kipepeo aliyekaushwa anaweza kukaa kwenye kabati karne nzima. Litungu pia laweza kutundikwa ukutani. Lakini litungu lililotundikwa halisemi, na kumuse iliyoandikwa daftarini na mtafiti ni nusu ya kumuse. Rachmaninoff, aliyejua kusoma na kuandika muziki kuliko wengi, hakuuamini wino peke yake. Wazee wanaoswala na wanaopiga litungu kati ya Bungoma na Kitale hawana hata huo wino. Kila anapoondoka mmoja wao kabla ya kurekodiwa, kinachopotea si wimbo tu, bali ni jibu la swali ambalo wanafunzi wa kesho watauliza: ulipigwaje?