Levi Mumba

Levi Zililo Mumba (alifariki Januari 1945) alikuwa karani, mwandishi na mwanaharakati wa Nyasaland, nchi ambayo leo inaitwa Malawi. Anakumbukwa hasa kama mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Wenyeji wa Nyasa Kaskazini, kilichoundwa Karonga mwaka 1912, na kama rais wa kwanza wa Nyasaland African Congress, yaani NAC, mwaka 1944. Kabla ya siasa za vyama vya ukombozi, alikuwa kati ya watu waliowafundisha Waafrika wa eneo hilo kudai haki zao kwa pamoja na kwa maandishi.

Mazingira

Karonga iko kwenye mwambao wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Nyasa, kusini kwa mto Songwe. Ng'ambo ya mto huo ni wilaya ya Kyela nchini Tanzania. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe wanakaribiana sana kwa lugha na desturi. Hata hivyo mipaka ya wakoloni iliwatenganisha: kaskazini kwa Songwe walitawala Wajerumani, kusini Waingereza.

Wakati wa ujana wa Mumba hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika baraza la kutunga sheria la Nyasaland. Kodi ya nyumba ilipangwa bila walipaji kuulizwa, na wanaume wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi katika migodi na mashamba ya nchi za kusini.

Elimu na kazi

Mumba alitokea kaskazini mwa Nyasaland. Alisoma katika Taasisi ya Overtoun, shule ya misheni ya Waskoti ya Livingstonia iliyoanzishwa na Robert Laws mwaka 1894 kwenye nyanda za juu karibu na ziwa. Alikuwa mwanafunzi hodari, akafanya kazi ya ualimu na uhasibu, na baadaye akawa karani wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliikosoa serikali ileile iliyomlipa mshahara. Hali hiyo ilimlazimu kuandika kwa heshima na kupima kila neno.

Chama cha Wenyeji wa Nyasa Kaskazini

Mwaka 1912 Mumba na wenzake waliosoma Livingstonia waliunda chama hicho huko Karonga. Wanachama wake walikuwa walimu, makarani na machifu, na hakikufungwa kwa kabila moja. Kilikuwa na madhumuni mawili: kuieleza serikali mahitaji na malalamiko ya wananchi, na kuwaeleza wananchi sheria na mipango ya serikali.

Utaratibu wake ulikuwa mpya katika eneo hilo. Chama kilikuwa na katiba ya maandishi na viongozi wa kuchaguliwa. Hoja zilijadiliwa mkutanoni, zikaandikwa katika kumbukumbu za kikao, kisha zikapelekwa kwa maofisa. Hivyo lalamiko la mtu mmoja, ambalo lingeweza kupuuzwa, liligeuka kuwa hoja ya watu wengi.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivuruga kazi hiyo. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka Songwe na kushambulia Karonga, likarudishwa nyuma. Wanaume wengi wa pande zote mbili za mto walichukuliwa kuwa wapagazi. Baada ya vita chama kilifufuliwa.

Kueneza mbinu

Mumba hakuishia Karonga. Alisaidia kuanzisha vyama vingine kaskazini mwa Nyasaland, kikiwemo kile cha Mombera katika wilaya ya Mzimba ya leo. Utaratibu huo ulivuka pia mpaka. Mwaka 1923 Donald Siwale, David Kaunda (baba yake Kenneth Kaunda) na wenzao, ambao nao walisomeshwa na misheni ya Livingstonia, waliunda chama cha ustawi huko Mwenzo, Zambia ya leo, karibu na Tunduma. Walifuata mfano wa katiba ya Karonga.

Mumba alipokuwa akifanya kazi Zomba, makao makuu ya serikali, alikuwa katibu wa kamati iliyoviwakilisha vyama vya mkoa wa kaskazini mbele ya serikali kuu. Mwaka 1933 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Kamati ya Ushauri wa Elimu, ambamo alidai shule za sekondari kwa Waafrika.

Dini

Mumba alikuwa muumini wa Kanisa la Kitaifa la Kiafrika, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Wakristo waliotengana na misheni. Kanisa hilo liliwapokea wanaume wenye wake wengi, nalo likaenea hadi Rungwe, Tanganyika. Mwaka 1930 Mumba alichapisha makala kuhusu dini ya wahenga wake katika jarida la kimataifa la wamisionari.

NAC na kifo

Oktoba 1944 vyama vya wenyeji viliungana katika NAC kwa juhudi za James Sangala, na Mumba akachaguliwa kuwa rais. Alifariki Januari 1945, miezi michache tu baadaye. Charles Matinga alichukua nafasi yake.

Urithi

Vyama vya Mumba viliwahusisha zaidi watu waliosoma, na maombi yao mengi yalikataliwa. Mwaka 1953 Uingereza iliunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili ingawa Waafrika walipinga. Lakini NAC iliendelea kukua, ikapigwa marufuku mwaka 1959, na Malawi Congress Party iliyoirithi iliiongoza nchi hadi uhuru mwaka 1964. Katiba, kumbukumbu za vikao na matawi, mambo yaliyojaribiwa Karonga mwaka 1912, yalikuwa sehemu ya msingi wa safari hiyo.