Pyotr Lebedev: Mtu Aliyepima Msukumo wa Nuru

Pyotr Lebedev alizaliwa Moscow, nchini Urusi, mwaka 1866. Baba yake, mfanyabiashara, alimtakia biashara. Kijana akachagua fizikia, akapata shahada ya udaktari huko Strasbourg mwaka 1891, kisha akarejea kwao kufundisha.

Zama hizo wataalamu walibishana: je, nuru inaweza kusukuma kitu? Tangu karne ya 17 Kepler alikuwa ameona kwamba mkia wa nyota-mkia huelekea upande ulio mbali na jua. Mwaka 1873 Mskoti Maxwell alionyesha kwa hesabu kuwa mawimbi ya nuru yana msukumo. Lakini msukumo huo ni hafifu mno. Jua la utosini likipiga uwanja mweusi wa gwaride wenye mita 100 kila upande, uwanja mzima husukumwa kwa nguvu isiyofikia uzito wa gramu 5. Chembe ndogo sana za vumbi, ambazo uzito wake ni kama si kitu, zinaweza kupeperushwa nayo.

Lebedev alitundika visahani vyepesi vya metali kwa uzi mwembamba wa kioo ndani ya chupa, akaifyonza hewa, kisha akavimulika kwa taa kali. Adui yake akawa hewa kidogo iliyosalia: ilipopata joto, ilivisukuma visahani kuliko nuru yenyewe. Hakukata tamaa. Aliipunguza zaidi, akavimulika visahani mbele na nyuma kwa zamu ili makosa yafutane. Mwaka 1899 alifaulu: visahani vilivyometa vilisukumwa karibu maradufu ya vile vyeusi, kama hesabu ilivyotabiri.

Mwaka 1911 serikali ya mfalme wa Urusi ilimwondoa kazini mkuu wa Chuo Kikuu cha Moscow pamoja na wasaidizi wake. Walimu zaidi ya 100 walijiuzulu, Lebedev akiwa mmojawao. Alipoteza maabara aliyoijenga kwa miaka mingi. Aliitwa Sweden, akakataa kuwaacha wanafunzi wake. Akaendelea nao katika chumba cha chini ya nyumba, ilhali moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alifariki Machi 1912, akiwa na miaka 46.

Leo wataalamu hushika chembe hai moja kwa miali ya nuru bila kuigusa. Wapiganaji, kazi hiyo ilianza kwa mtu aliyejua kungoja, na aliyejua pia siku ya kuondoka.