Ehrlich atufunza thamani ya neno katika sayansi

Mimi ni mwanaisimu wala si mwanabiolojia, na huenda msomaji akastaajabu kuniona nikimzungumzia tabibu wa Kijerumani aliyeaga dunia mwaka 1915. Naomba anivumilie, kwani kilichonipeleka kwa tabibu huyo ni kisa cha shangazi yangu.

Shangazi alishikwa na homa akaenda zahanati. Mhudumu alimchoma kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo cha malaria, na baada ya muda akamwonyesha mstari mmoja mwekundu, akatamka maneno mawili matatu ya Kiingereza, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Shangazi alirudi nyumbani akiamini kwamba mstari ule ndio malaria yenyewe iliyojichora. Akameza tembe za malaria zilizokuwa zimesalia kabatini. Nilipofika kumjulia hali siku ya tatu, nilimkuta hoi. Mstari ule mmoja ulikuwa na maana ya kinyume kabisa: kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu. Namshukuru Mola kwamba alipona, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani alaumiwe, kipimo au lugha.

Asili ya kipimo kile yatupeleka kwa Paul Ehrlich. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo uko Poland, katika familia ya Kiyahudi. Binamu yake, Karl Weigert, alikuwa hodari wa kutia rangi vipande vya mwili ili vionekane vyema kwenye hadubini, na kijana Ehrlich akavutiwa na rangi hizo kuliko masomo mengine. Tasnifu yake ya mwaka 1878 katika Chuo Kikuu cha Leipzig ilihusu rangi. Swali lililomshughulisha lilikuwa jepesi kulitaja lakini zito kulijibu: kwa nini rangi moja hushika seli hii na kuiacha ile? Ni kana kwamba kila rangi ilikuwa na mwenyeji wake.

Mnamo 1882, Robert Koch alipotangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, Ehrlich alibuni njia bora ya kuwatia rangi. Baadaye kifua kikuu kilimpata yeye mwenyewe, naye akaenda Misri mwaka 1888 kutafuta afya katika hewa kavu. Aliporejea Berlin alianza majaribio ambayo ndiyo hasa kiini cha makala haya.

Alichukua sumu mbili zitokanazo na mimea. Moja hutoka katika mbegu za mbarika, ambao wengine huuita mbono, na nyingine katika zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga kama shanga. Sumu zote mbili ni protini. Ehrlich aliwalisha panya sumu ya mbarika kidogo kidogo, akiongeza kipimo siku baada ya siku, hadi wakaweza kustahimili kiasi ambacho kingewaua mara nyingi. Lakini panya hao hao walipopewa sumu ya pili, walikufa kama wasiokuwa na kinga yoyote. Kwa hiyo kitu kilichokuwa ndani ya damu yao kilimtambua adui mmoja tu, wala hakikumfananisha na mwingine.

Kitu hicho hakuna aliyekuwa amekiona. Hata hivyo Ehrlich alikihitajia jina ili aweze kukifikiri, na katika maandishi yake ya mwaka 1891 akakiita Antikörper, yaani mwili au kitu kinachopinga. Mwaka huo huo, yeye na mwenzake Paul Guttmann walijaribu kuwatibu wagonjwa wawili wa malaria kwa rangi ya buluu ya methilini.

Mnamo 1897 alieleza kwamba seli zina mikono ya kushikia, na kwamba kila mkono huoana na sumu yake kama ufunguo na kufuli. Seli ikishikwa, hutengeneza mikono mingine kwa wingi na kuimwaga katika damu. Aliichora mikono hiyo kwa michoro ambayo baadhi ya wenzake waliibeza. Ni kweli kwamba sehemu za nadharia yake zilirekebishwa na waliomfuata, lakini wazo la kuoana lilisimama. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Ilya Mechnikov, na mwaka 1910 dawa yake ya kaswende, Salvarsan, ikaanza kuuzwa. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915. Utawala wa Kinazi baadaye uliliondoa jina lake katika mtaa wa Frankfurt uliokuwa umepewa jina hilo, na mjane wake, Hedwig, akalazimika kukimbilia ugenini.

Ikiwa kila kingamwili hutambua protini moja, basi yaweza kutumwa maabarani kama mpelelezi. Rosalyn Yalow na Solomon Berson walifanya hivyo mjini New York mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapima insulini iliyo chache mno katika damu. Kile kipimo cha malaria hufuata kanuni hiyo hiyo. Kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu zenye rangi nyekundu huikamata protini ya kimelea, zikasafiri nayo, kisha zikanaswa na kingamwili nyingine zilizopangwa katika mstari. Protini ikiwapo, mstari huo hujitokeza. Mstari wa pili huthibitisha tu kwamba kipimo ni kizima. Mistari miwili ni malaria. Mstari huo wa uthibitisho ukiwa peke yake, protini haikuonekana. Nao usipojitokeza, kipimo kirudiwe.

Je, maelezo hayo yameshindikana kwa Kiswahili? Sidhani. Pana tatizo dogo la istilahi ambalo wanaisimu tunapaswa kulikiri. Neno letu kingamwili lasikika kama kinga ya mwili, na wanafunzi wengi huchanganya mambo hayo mawili. Neno la Ehrlich lilitaja kitu kinachopinga. Letu lataja kazi ya kulinda. Lakini kingamwili iliyo kwenye kipimo haimlindi yeyote. Kazi yake ni kutambua.

Sisemi neno hilo litupwe. Ehrlich mwenyewe aliunda istilahi tele, na nyingi zimekufa naye. Antikörper liliishi kwa sababu lilikuwa fupi, lilitumiwa kila siku, na lilikuja na mchoro. Neno halipati maana kwa kuandikwa katika kamusi na kuachwa humo. Hulipata kwa kufunzwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa sayansi na wa Kiswahili wakutane, japo kwa kipindi kimoja. Mmoja achore ufunguo na kufuli ubaoni, mwingine awaongoze wanafunzi kueleza mistari ile kwa Kiswahili ambacho nyanya zao watakielewa. Mwanafunzi anayeweza kupasi mtihani kuhusu kingamwili lakini hawezi kumfasiria shangazi yake mstari mmoja mwekundu, elimu yake imeishia mlangoni mwa shule.