Maisha ya Mwandishi: Henry Rider Haggard (1856–1925)

Mwanafunzi, ukisoma historia ya riwaya ya Kiswahili utakutana na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka wa 1929. Aliyeitunga hadithi hiyo kwa Kiingereza ni Henry Rider Haggard, Mwingereza aliyesifiwa kwa ubunifu na kulaumiwa kwa namna alivyomchora Mwafrika. Kabla hujaamua anastahili nini, yafahamu maisha yake.

Kuzaliwa na malezi

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 katika eneo la Norfolk, Uingereza, akiwa mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mashamba. Nyumbani alionekana mzito wa akili, na alipofanya mtihani wa kujiunga na jeshi, alianguka.

Maisha Afrika Kusini

Mwaka wa 1875, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Natal kumtumikia Sir Henry Bulwer, Luteni Gavana wa koloni hilo, bila mshahara. Mwaka wa 1877 aliandamana na Theophilus Shepstone kwenda kuitwaa Transvaal kwa niaba ya Uingereza, na akashiriki kupandisha bendera ya Uingereza mjini Pretoria. Mwaka uliofuata akawa msajili wa Mahakama Kuu ya Transvaal. Katika miaka hiyo alisikia masimulizi ya historia na mila za Wazulu, akayahifadhi moyoni. Zingatia jambo hili: aliijua Afrika kwa macho yake, lakini aliitazama akiwa mtumishi wa dola iliyokuwa ikiiteka.

Alioa mwaka wa 1880, akajaribu kufuga mbuni huko Natal, kisha akarejea Uingereza mwaka wa 1881 na kusomea sheria.

Uandishi

Inasimuliwa kwamba ndugu yake aliweka naye dau la shilingi tano kuwa hawezi kuandika kitabu kinachokaribia Treasure Island cha Robert Louis Stevenson. Haggard aliandika King Solomon's Mines kwa muda wa wiki chache. Kilitoka mwaka wa 1885, kikauzwa nakala 31,000 katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa 1887 ilifuata She, kisa cha Ayesha, malkia aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 katika mapango ya bara la Afrika. Mwaka wa 1891 mwanawe wa pekee wa kiume alifariki akiwa mtoto, na huzuni hiyo haikumtoka. Mwaka wa 1892 alichapisha Nada the Lily, riwaya ambayo wahusika wake wakuu ni Wazulu. Alifariki London tarehe 14 Mei 1925, akiwa ametunga vitabu zaidi ya hamsini.

Lawama dhidi yake

Kwanza, tazama tukio la kupatwa kwa jua katika King Solomon's Mines. Wazungu watatu wanaitumia almanaka kuwahadaa Wakukuana kuwa wanaweza kulizima jua. Mwafrika anachorwa kama asiyelijua hata anga la kwao.

Pili, tazama kifo cha Foulata. Msichana huyu anampenda Kapteni Good na anauawa akijaribu kuwaokoa Wazungu. Msimulizi, Allan Quatermain, anaona kifo hicho kimewaepusha na matatizo, kwa kuwa ndoa kati ya mweupe na mweusi haikubaliki kwake.

Tatu, Haggard aliamini kuwa majengo makubwa ya kale ya Afrika yalijengwa na wageni. Katika Elissa (1900) aliwaweka Wafoinike kwenye magofu ya Zimbabwe. Mwaka wa 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alieleza kuwa magofu hayo ni kazi ya Waafrika. Hapa kosa si la kisanaa pekee: watu walinyang'anywa kazi ya mikono ya mababu zao.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind, anamtaja Haggard miongoni mwa waandishi aliosoma shuleni, fasihi iliyomtenga mtoto wa Kiafrika na nafsi yake.

Ubora wake wa kisanaa

Taharuki ya Haggard ni ya hali ya juu. Ramani iliyochorwa kwa damu na Mreno aliyekuwa akifa inamfanya msomaji asikiweke kitabu chini. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unaipa njozi sura ya ukweli. Ucheshi upo pia: meno bandia ya Kapteni Good yanawatisha watu waliokuja kumuua.

Isitoshe, kazi yenyewe inajipinga. Mwanzoni Quatermain anakataa kutumia jina la matusi kwa Waafrika. Mwishoni mfalme Ignosi anapiga marufuku wafanyabiashara wa bunduki na pombe nchini mwake, hotuba inayousuta ukoloni wenyewe.

Namna ya kumhakiki

Usiandike kuwa riwaya ni mbaya kwa sababu ina ubaguzi, ukaishia hapo. Vilevile usiseme ufundi wake unafuta ubaguzi. Vitu hivi viwili vimeshikana: ufundi ndio unaobeba itikadi. Tukio la kupatwa kwa jua linapendeza kwa sababu limesukwa vizuri, na kwa kupendeza huko dharau inapenya bila kubisha hodi. Unapolicheka, jiulize unacheka ukiwa upande wa nani. Haggard alikuwa msimulizi hodari, na uhodari huo ndio unaotufanya tumsome kwa tahadhari kubwa zaidi.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi maisha ya Haggard Afrika Kusini yalivyoathiri maudhui ya kazi zake. (alama 6)
2. Fafanua mbinu tatu zinazoifanya King Solomon's Mines ivutie. (alama 6)
3. Ufundi wa msanii hauwezi kutenganishwa na itikadi yake. Jadili ukirejelea kazi za Haggard. (alama 8)