Fundi Konde: Gitaa la Umeme na Heshima ya Neno

Miongoni mwa wasanii walioujenga wimbo wa Kiswahili nchini Kenya, Fundi Konde ana nafasi ya pekee. Alizaliwa mwaka 1924 katika jamii ya Wagiriama huko pwani, akafariki dunia mwaka 2000. Hutajwa kuwa mmoja wa Wakenya wa mwanzo kabisa kupiga gitaa la umeme. Sifa hiyo anaistahili, lakini haitoshi kumweleza. Linalofaa kuzingatiwa zaidi ni jinsi alivyoutumia umeme bila kuuacha umeze maneno ya wimbo.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Konde alitumikia kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, akasafiri hadi Asia. Baada ya vita alifanya kazi mjini Nairobi pamoja na Peter Colmore, mdhamini mashuhuri wa muziki na matangazo ya biashara.

Nairobi ya ukoloni iligawanywa kwa misingi ya rangi. Waafrika walitengewa mitaa ya mashariki kama vile Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, na kumbi za jamii za mitaa hiyo zikawa makao ya mikutano na dansi. Ndani ya ukumbi uliojaa watu, gitaa kavu lilikuwa na udhaifu ulio wazi: mwangwi wa sanduku lake la mbao ulitosha barazani, bali mbele ya klarineti, tarumbeta na ngoma ulififia. Kuliwekea kipaza sauti nako kulikuwa na taabu yake. Sauti itokayo kwenye spika hulitikisa tena sanduku lile lile, ikarudi kwenye kipaza sauti na kuzaa mlio mkali unaoharibu wimbo. Kwa hiyo mpigaji alihitaji kujua pa kusimama na kiasi cha kuongeza sauti. Gitaa la umeme lilipunguza taabu hiyo, likaleta kishawishi kipya: kila mwenye nguvu ya kusikika hutamani kusikika zaidi.

Konde hakukubali kushawishika. Katika rekodi zake za miaka ya 1940 na 1950, gitaa hulainika chini ya sauti ya mwimbaji. Badala ya kudonoa nyuzi mfululizo kama walivyofanya wapigaji wengi wa gitaa kavu, alipenda mipangilio ya sauti yenye ladha ya jazi, akiacha nafasi baina ya mishororo. Santuri za wakati ule zilichukua takriban dakika 3 kila upande. Katika muda huo mfupi, neno lisiposikika vyema mara ya kwanza, wimbo umepotea.

Ustadi huo unadhihirika katika "Tausi Ndege Wangu" na "Majengo Siendi Tena". Jina Majengo ni la mtaa wa Mombasa na pia la mtaa wa Pumwani, Nairobi. Msikilizaji wa kila upande angeweza kudhani anaimbiwa kwao. Hivyo Kiswahili cha pwani kilipata makao katika mitaa iliyokusanya wafanyakazi wa lugha nyingi.

Katika miaka ya 1960 mtindo wa twist ulienea, magitaa ya umeme yakaongoza bendi, na jina la Konde likafifia. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilitoa mkusanyiko wa rekodi zake za kati ya 1947 na 1956, kizazi kipya kikamsikia.

Maisha ya Konde yanawahusu pia wanaochunguza fasihi. Ushairi wa Kiswahili unaoimbwa haufi kwa sababu ya chombo kipya. Hufa pale mwenye chombo anaposahau kwamba ametumwa na neno. Konde alikuwa na umeme mkononi mapema kuliko wengi, na hakusahau.