Henry Ford: tangu shimo mpaka motokari

Wasomaji wetu, sisi wenye kutoa mawe chini ya udongo, mara mingi hatujui yanakwenda kufanya nini. Leo tunawaelezea maisha ya mutu mumoja aliyefuata njia ile yote: Henry Ford.

Alizaliwa mwaka 1863 karibu na Detroit, kule Marekani, mutoto wa mulimaji. Jembe halikumupendeza. Alipofika miaka 16 akaenda mujini kutumika katika viwanda vya mashini. Mwaka 1903 akaanzisha kampuni yake, na 1908 akatoa motokari iliyoitwa Model T.

Wakati ule wengi walitengeneza motokari za matajiri, moja moja. Ford aliwaza kwanza: itafungwa namna gani, na vyombo vyake vitatoka wapi? Njo maana alitaka kila chombo kifanane kabisa na mwenzake. Mwaka 1913 motokari zikaanza kupita mbele ya watumishi, kila mutu na kazi yake moja. Kufunga shasi kulikula zaidi ya saa 12. Sasa saa moja na nusu ilitosha. Lakini kazi ile ilichokesha sana, wengi wakaikimbia. Kwa hiyo 1914 akapandisha mushahara mpaka dola 5 kwa siku ya saa 8. Bei ya motokari nayo, iliyokuwa dola 850, ikashuka chini ya dola 300.

Kisha hakutaka tena kungojea vitu vya wengine. Akanunua machimbo ya chuma na ya makaa ya mawe, misitu ya mbao, hata njia ya reli. Meli zake zilileta mawe ya chuma mpaka kwenye kiwanda chake cha River Rouge. Mabaki ya mbao yakageuzwa makala. Kule Brazili, 1928, akaanza shamba la mipira, lakini ugonjwa wa majani ukaliharibu.

Ule munyororo wote ulifungwa juu ya motokari moja tu. Mwaka 1927 wanunuzi walitaka mupya. Model T, iliyopita milioni 15, ikasimama, na michoro ya mupya haikuwa tayari. Viwanda vikafungwa miezi mingi. Maelfu ya watumishi wakakaa nyumbani bila mushahara. Sindika nayo, aliikataa mpaka 1941. Alikufa 1947.

Sisi tunaona hivi: mwenye kuchora, mwenye kufunga na mwenye kuchimba wako kamba moja. Leo kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri za motokari za umeme, lakini iko betri zingine zinazochorwa bila kobalti hata kidogo. Kalamu ikigeuka kule, sahani inapungua huku. Basi tusiulize tu bei ya leo. Tuulize pia wanachora nini, na watoto wetu wajifunze kushika ile kalamu.