Daktari Aliyekuwa Mgonjwa

Mwalimu mmoja wa Kataboi, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, aliwahi kuniuliza kama ni aibu kwa mtu aliyesoma kumeza vidonge vya Lodwar asubuhi na kujichua mgongo kwa dawa ya mizizi jioni. Kwa miaka mingi maumivu yamemnyima usingizi. Mimi si tabibu, ni mtu wa isimu. Nilichoweza kumpa ni maisha ya David Livingstone, ambayo shuleni twayafundisha kama safari tupu, tukausahau mwili uliosafiri.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akafuzu udaktari mwaka 1840. Miaka minne baadaye, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa haukuunga sawasawa, na mkono huo ukamsumbua maisha yake yote. Tena alikuwa na bawasiri iliyomtoa damu mara kwa mara. Aliporudi Uingereza mwaka 1864 alishauriwa apasuliwe, akakataa.

Kwa homa alitegemea vidonge alivyovibuni mwenyewe: kwinini, kalomeli na mizizi ya kuendesha tumbo. Kalomeli ni chumvi ya zebaki, nayo leo twajua ni sumu. Basi dawa ya msomi nayo yaweza kudhuru, ndiyo maana nilimsihi mwalimu amweleze tabibu wake kila anachotumia, cha dukani na cha porini. Kiswahili chenyewe hakibagui: vyote ni dawa, hata ile ya viatu.

Januari 1867 wachukuzi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Livingstone alijiona kama aliyehukumiwa kifo.

Kisha yakaja ya Bambarre, yaani Kabambare ya leo, mashariki mwa Kongo. Kuanzia Julai 1870 vidonda vya miguu vilimfungia kibandani kwa miezi kadhaa. Vidonda vya namna hiyo viliwaliza watumwa usiku, naye aliwasikia. Kilichomfaa hatimaye ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba: lilisuguliwa kwa maji juu ya jiwe jingine, likapakwa kidondani kwa unyoya. Daktari wa Glasgow hakuona haya.

Mwaka 1873 damu ilimwishia. Susi, Chuma na wenzao walimbeba kwa machela hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Usiku wa mwisho alimwomba Susi sanduku la dawa, akatafuta kalomeli kwa shida, kwani macho yalikuwa yamefifia. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyeupasua mwili, akakuta bonge la damu tumboni. Mwili ulipofika London mwaka 1874, waganga waliutambua kwa mfupa ule uliovunjwa na simba miaka 30 kabla.